Ukurasa wa Mwisho wa Hatungoji

Benchi letu lipo kando ya foleni ya malori hapa Tunduma, mbele ya banda la Ferista. Kahawa yake ni ya Mbozi. Anayetaka ya kopo avuke mpaka akanywe Nakonde, Zambia. Mwisho wa benchi kuna nafasi hatukai. Ilikuwa ya Clement wa Mbebe, tuliyemzika mwaka jana. Jana asubuhi kila mtu alikuja na karatasi zake kwenye mfuko, maana dada mmoja mchapishaji wa vitabu alikuwa njiani kutoka Mbeya kuonana na Brashi. Brashi ni Amoni, anaandika mabango ya maduka, lakini sisi tunamheshimu kwa Hatungoji, kikosi chake cha mashujaa wa katuni. Nakala zake zilioza kwa paa kuvuja. Dada alishasema kwenye simu: hadithi ikiwa kamili, anaitoa kitabu kizima. Ikipungua ukurasa, basi tena.

Zilizosalimika ni zetu tu. Kila toleo likitoka tulinunua moja la kijiwe, tukalifumua, kila mtu kurasa zake kufuatana na anapokaa, halafu tunapokezana. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Clement, na hakuna aliyeruhusiwa kuuona kabla yake. Ukiruka zamu hapa, wiki nzima hakuna anayekusalimia.

Aliyeanza kelele ni Kwacha, yule Rabson anayebadilisha fedha.

— Dada akija mimi ndiye ninayemsimulia historia. Kwanza kulikuwa na Walinzi wa Mpaka, wapole wale, mpaka wapigwe ndiyo warudishe. Mmoja wao, Radi, akachoka, akatoka na wenzake wenye hasira, wakawa Hatungoji. Adui bado anafunga kamba za viatu, ameshalambwa.

Tela, dereva mstaafu wa malori, akadakia.

— Usisahau toleo la kwanza lilikuwa kopi nyeusi, limetolewa Mlowo. Mimi ndiye niliyelifikisha Lusaka, kwenye kabini. Ya rangi yalikuja baadaye.

— Halafu Brashi akatuletea kikosi kipya, kinahubiri amani, Kwacha akaendelea. Tukamnunia, kikadoda. Akamrudisha Radi mwenyewe.

— Hapo ndipo Wamarekani walipoanza kuogopa, akasema Tela.

— Acha fiksi, mzee.

— Kontena zima la katuni zao lilikwama hapa mpakani, halina mnunuzi. Dereva wake alilia, chai nilimnunulia mimi.

— Hiyo ndogo. Wazambia walivuka kumfuata Radi mpaka mji mzima ukaishiwa shilingi. Niliwarudishia chenji kwa mahindi.

Nilicheka, lakini kifua kilinijaa. Miji mikubwa inatujua kwa foleni tu, kumbe tuna mashujaa wetu.

Brashi hakucheka. Alikuwa anapanga karatasi zetu kwenye meza ya Ferista, toleo baada ya toleo. Alipofika la mwisho akasimama.

— Zote zipo, akasema. Kasoro ule.

Wote tulijua ni ukurasa upi. Toleo lile halikufika dukani. Mashine ya kopi ya Mlowo ilikufa, Brashi akatuchorea nakala moja kwa mkono. Clement akalazwa siku hiyohiyo. Tukamngoja apone asome, hakurudi. Ndipo sisi wenyewe, kwa akili zetu timamu, tukaukunja ukurasa wake bila kuufungua na kumwekea kwenye mfuko wa koti, akazikwa nao.

— Si uchore tena, nikamwambia. Unaujua.

— Naujua. Lakini ule ni wa Clement. Nikiuchora hapa, nampa nani asome kwanza? Wewe? Au Kwacha?

Kwacha akainamisha kichwa. Tela akasema Radi alimalizia kwa kuigeuza foleni yote ya malori kwa bega moja, lakini alisema kinyonge, hata yeye hakujiamini. Nilimwonea Brashi huruma. Kitabu chake kilikuwa kinapotea mezani, na kilichokipoteza ni heshima yetu kwa Clement.

Akatokea dada, begi begani, vumbi la barabarani mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni. Naitwa Priska, natoka Mbeya, namtafuta kaka Amoni.

— Marahaba, akajibu Tela. Ndiye huyo.

Akatafuta pa kukaa. Akaiona ile nafasi.

— Samahani, hapa pana mtu?

Kwacha, ambaye hana siku ya kukosa neno, alitazama malori. Ferista alishika birika bila kumimina. Dada akabaki amesimama, anadhani ametukosea.

Brashi akamtazama, akaitazama ile nafasi. Kisha akavuta karatasi nyeupe, akatoa penseli nyuma ya sikio.

— Kaa, dada. Anayekaa hapo ndiye anayeanza kusoma.

Alichora bila kufuta. Kahawa ikatupoea mikononi. Alipomaliza akampa Priska, sisi tukageuzia macho barabarani kama tulivyokuwa tukimfanyia Clement. Dada alisoma, akafuta macho kwa kiganja.

— Kitabu kipo, akasema, na kumpitishia Tela.

Ferista akatangaza birika limekauka. Hakuna aliyenyanyuka. Tela alikuwa anasoma, baada yake Kwacha, na mimi huwa wa mwisho.