Historia ya Mwalimu Zachariah Kimeli, Mtetezi wa Kiima

Marehemu Mwalimu Zachariah Kimeli alizaliwa Ainabkoi tarehe 3 Machi 1914, mtoto wa pili wa Mzee Kiprono na Mama Chepkorir, akasoma shule ya misheni, ambako alifundishwa Kiingereza na kiboko kwa pamoja, na tangu hapo hakusamehe sentensi isiyo na kiima.

Mwaka 1936 alianza kufundisha, na mwanafunzi akiandika "Under the bed is dusty", yaani chini ya kitanda kuna vumbi, alimuuliza huyo mwenye vumbi ni nani, maana "under" si mtu wala kitu.

Tarehe 12 Desemba 1939 alifunga ndoa kanisani na Mama Tryphosa Jepkemboi, wakajaliwa Simeon, Joash na marehemu Chepkorir.

Mwaka 1965, kundi lao liliponunua shamba la mzungu kule Chepsaita, marehemu alikuwa mkalimani, na mzungu, akiwa na kiko mdomoni, akasema, "Behind the dairy is wet," yaani nyuma ya kibanda cha kukamulia kuna majimaji. Marehemu aliwaambia wenzake kwamba mzungu bado hajasema kitu, wangoje amalize sentensi, kumbe mzungu alikuwa amemaliza. Kwa heshima wenzake walimwacha achague kwanza mahali pa kujenga, naye, kwa kuwa hakuna baya lililosemwa, akachagua nyuma ya kibanda cha kukamulia.

Nyumba ilijengwa wakati wa kiangazi. Mvua ilipokuja, Mama Tryphosa alisimama jikoni, sufuria kichwani, akamwambia, "Mwalimu, kiima chako kiko hapa, kimefika magotini."

Jirani, Mzee Mburu, aliwaalika wahamie kwake juu, penye mwerezi, lakini marehemu alikataa miaka yote hiyo, kwani kuhama kungekuwa kukubali kwamba mzungu alisema kitu.

Aliugua kifua Aprili 1978, akalazwa Eldoret, na Mama, akihofu kumzika majini, akamuuliza alale wapi. Akasema, "Under the cedar is dry." Daktari alidhani anaweweseka, lakini Mama alilia, kwa kuwa alijua amekubali. Alituacha tarehe 9 Juni 1978.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wote, na hasa Mzee Mburu, aliyetoa mahali hapa bila kuombwa mara ya pili.

Pumzika, Mwalimu. Chini ya mwerezi ni pakavu.