Mzee Aliyetaka Kumshinda Mama Celine: Wasifu wa Marehemu Phares Ondiek Odero

Marehemu Mzee Phares Ondiek Odero alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa Gem, karibu na soko la Yala, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Odero, fundi wa reli, na marehemu Mama Peresia. Alikuwa na miaka sita baba yake alipowaleta wote Nairobi, katika nyumba ndogo ya mtaa wa Kaloleni. Waliomjua utotoni wanasema alizaliwa na maswali mdomoni. Mgeni hajamaliza kikombe chake cha kwanza, Phares alikuwa ameshajua ametoka wapi, amepitia wapi, na kwa nini amefunga kamba za kiatu kimoja tu. Mama yake alipomkemea, alijibu kwamba kuuliza si ujinga, akaendelea kuuliza.

Alianza shule ya msingi hapo hapo mtaani mwaka 1956. Alipokuwa darasa la nne, boksi la chaki lilipotea, na mwalimu akalipigisha magoti darasa zima mpaka mwizi ajitokeze. Phares aliinua mkono akasema kwa adabu kwamba chaki ziko kwenye koti la mwalimu mwenyewe, maana mfuko wa kushoto umekuwa mweupe tangu asubuhi. Mwalimu aliingiza mkono mfukoni na kweli zilikuwamo. Darasa likaruhusiwa kukaa, naye Phares akala viboko viwili kwa kumtia mwalimu aibu. Kisa hicho alikisimulia kwa zaidi ya miaka sitini, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba siku ile alijifunza mambo mawili: ukweli lazima usemwe, na mkosaji lazima aachiwe mahali pa kuficha uso. Alimaliza kidato cha nne huko Siaya mwaka 1968.

Januari 1970 aliajiriwa na shirika la reli kama karani, na mwaka 1973 akapelekwa kwenye ofisi ya vitu vilivyosahaulika, katika stesheni ya Nairobi. Wenzake walimpa pole, wakidhani ameadhibiwa. Yeye aliona amepewa mbingu. Kila treni ilimletea miavuli, Biblia, magitaa, mguu mmoja wa kitanda, na mara nyingine kuku mzima ndani ya kapu. Kazi yake ilikuwa kujua cha nani ni kipi. Siku moja aliletewa meno ya bandia kutoka treni ya Kisumu. Wiki ikapita bila mtu kuyaulizia, kisha akaja bwana mmoja nadhifu, mkono umefunika mdomo, akisema anatafuta kofia. Phares hakumwuliza lolote kuhusu meno. Aliyafunga vizuri katika karatasi, akayaweka ndani ya kofia fulani, akampa. Bwana yule alirudi kesho yake kumshukuru, akicheka kwa meno yote.

Lakini vilikuwako pia vitu vilivyokaa rafuni miaka mingi bila mwenyewe kuja, na vingine Phares alijua ni kwa nini: wenyewe hawakuwa hai tena. Vitu hivyo hakuvizungumzia nyumbani. Ndiyo sababu alipoanza kuandika hadithi za upelelezi mwaka 1981, alijiwekea masharti makali: hakuna damu, hakuna bunduki, hakuna matusi, na mkosaji akishapatikana apewe chai. Alistaafu mwaka 2004, akaendelea kuandika kwa kasi iliyowatisha hata madaktari wa macho.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na Benta Awuor, mpiga taipu wa Baraza la Jiji, ambaye leo wengi mnamwita Mama Celine. Walikutana pale pale ofisini, Benta alipofuata mwavuli wake. Phares alimhoji nusu saa nzima kuhusu rangi, mpini na mahali alipoketi kwenye treni, mpaka Benta akamwuliza, "Wewe unauliza mwavuli ama unaniuliza mimi?" Akakiri kwamba anauliza yote mawili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Celine, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, na Austine.

Hapa sasa ndipo ilipoanzia vita kuu ya maisha yake, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu bila kuieleza hatutakuwa tumemweleza Mzee Ondiek hata kidogo.

Mpelelezi wa hadithi zake alikuwa Bi Kezia, muuza mandazi wa Kaloleni anayevaa koti la mvua hata Januari, anayesikia kwa sikio moja tu, na anayetembea na kuku wake kapuni. Kuku huyo aliitwa Inspekta. Mlangoni mwa Bi Kezia alikaa mumewe, Mzee Caleb, ambaye katika kila hadithi hakufanya kazi yoyote isipokuwa kusoma gazeti la jana na kuuliza kama chumvi ipo. Phares aliandika kwa mkono, sura moja moja, naye Benta akazipiga taipu. Ilipobaki sura ya mwisho, Phares aliificha. Benta alipiga jina la mkosaji kwenye kikaratasi, akakikunja, akakiweka chini ya kopo la sukari. Hapo tu ndipo alipopewa sura ya mwisho, na kikaratasi kikafunguliwa mbele ya watoto.

Hakukosea hata mara moja. Phares alijaribu kila hila aliyoijua. Aliandika mapacha. Aliandika mkosaji anayetajwa katika mstari mmoja peke yake, tena ukurasa wa pili. Aliandika askofu. Mwaka 1998, katika ile hadithi ya pete ya bibi harusi, mkosaji alikuwa kuku. Phares hakulala vizuri siku tatu kwa furaha. Kikaratasi kikafunguliwa, kimeandikwa: Kuku. Aliomba mambo mengi duniani, yakiwamo afya na watoto wenye adabu, lakini watoto wake wanashuhudia kwamba ombi lake la kudumu lilikuwa moja: amshinde Mama Celine mara moja tu, na Mama Celine akiri mbele ya watu.

Watu wengine wote aliwashinda kila siku, na walimpenda kwa hilo. Walipohamia Komarock mwaka 1994, hadithi zilitolewa nakala, zikabanwa pini, zikazunguka mlango kwa mlango hadi kurasa zikalegea. Msusi Koki wa saluni aligoma kumaliza kusuka mteja kabla hajajua nani aliyekunywa maziwa ya kwaya, na mteja, nusu ya kichwa ikiwa wazi, akamwambia asome kwa sauti. Fundi wa viatu alipigana maneno na mchungaji kuhusu nani aliyehamisha saa ya ukumbi. Mtu ametoka kazini amechoka, habari za jioni zimemtisha, anafungua ukurasa anamkuta Bi Kezia akimhoji shemasi huku kuku akichungulia kapuni. Anajua kwamba kitu kimepotea, na anajua pia kitapatikana, na hakuna atakayeumia. Hiyo ndiyo raha aliyowapa, na waliipigania kama mkate wa moto.

Jirani yake Mzee Mulwa, dereva mstaafu, ndiye peke yake aliyelalamika. "Mzee Ondiek, hizi story ni poa," alimwambia, "lakini si siku moja tu mtu akufe? Hata mmoja."

"Mulwa, kufa tutakufa," Phares akamjibu. "Kwangu wacha watu wakunywe chai kwanza."

Mzee Mulwa alisoma zote thelathini na moja, na nyingine mara mbili. Kufikia hapo Mama Celine alikuwa anaongoza thelathini na moja kwa nunge.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, Mzee alianza kupungua uzito. Alisema ni joto. Mwezi wa Agosti, katika hospitali moja ya jijini Nairobi, aliambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume na kwamba imekwisha kuenea. Hakumwambia mtu. Kwa majuma kumi na moja alikwenda kliniki kila Jumatano, siku ambayo Mama Celine hushinda kanisani na kikundi cha akina mama, akarudi kabla yake na kukaa kwenye kiti chake kana kwamba hajainuka. Wakati huo huo alikuwa anaandika hadithi ya thelathini na mbili.

Katika hadithi hiyo chupa ya chai ya Bi Kezia hupotea kila Jumatano asubuhi, na jioni hukutwa mahali pake ikiwa safi, imeoshwa. Bi Kezia anamshuku mwalimu wa kwaya, mwenye kikohozi. Anamshuku jirani mpya. Anamshuku mpaka Inspekta, kwa sababu ya yale ya mwaka 1998. Mama Celine alipiga taipu sura tisa akitabasamu, akaandika kikaratasi chake bila kusita, akakiweka chini ya kopo la sukari. Phares akampa sura ya kumi. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Novemba, saa kumi alasiri.

Celine alikuwa jikoni, akasikia mashine ikienda, kisha ikanyamaza katikati ya mstari. Aliyechukua chupa alikuwa Mzee Caleb. Alikuwa mgonjwa, na kila Jumatano aliibeba kwenda kwenye foleni ya hospitali, kwa sababu foleni ni ndefu na hakujua jinsi ya kumwambia mkewe.

Mama Celine aliondoa mikono kwenye mashine. "Baba Celine, Jumatano ijayo pia?"

"Ijayo pia."

"Tutaenda wote," akasema, na akalia, na Phares naye akalia. Baadaye kikaratasi kikafunguliwa. Kilisema: Mwalimu wa kwaya.

Mzee alifurahi kiasi cha kutukasirisha. Yeye ndiye mgonjwa, sisi ndio tunaotetemeka, naye anazunguka sebuleni akitangaza kwamba sasa ni thelathini na moja dhidi ya moja. Mama Celine alikataa katakata. Alisema hiyo si haki, huwezi kumtumia mume, mume hahesabiwi. Phares alimjibu kwamba mume amekaa pale mlangoni tangu hadithi ya kwanza, na kila msomaji alikuwa na ruhusa ya kumtazama. Mama Celine aliinuka akaenda kukoroga uji. Usiku huo hakuzungumza naye sana, na tunadhani hakuwa na hasira ya hadithi.

Jumatano zote zilizofuata walikwenda wawili, na chupa moja na vikombe viwili. Phares alichukua nakala za Bi Kezia akazigawa kwenye foleni, na kufikia Krismasi wauguzi walikuwa wanaita jina la mgonjwa mara mbili tatu kabla hajainua kichwa kutoka ukurasani. Wagonjwa waliandika majina ya waliowashuku kwenye vikaratasi. Wengi walimtaja askofu. Mzee alisikika akicheka hadi mlango wa daktari, na daktari akatoka kuuliza ni hadithi gani.

Kila siku alimwomba mkewe akiri. Alimwomba kwenye foleni, alimwomba aliposaidiwa kuvaa soksi, alimwomba mbele ya mchungaji. Mama Celine alisema atasema kwa wakati wake. Januari mwishoni nguvu zilimwishia, akabaki kitandani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, alikunywa chai kidogo, akamwuliza mkewe kama chumvi ipo, wote wawili wakacheka, na saa nne akafariki nyumbani kwake Komarock, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Benta. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, Benta Awuor. Watoto wake, Celine na Austine. Mkwe wake, Mulama. Wajukuu wanne, Clare akiwa mkubwa wao. Na wasomaji wa Kaloleni, Komarock na foleni ya Jumatano, ambao hatukuweza kuwahesabu. Familia inawashukuru nyote mliotoka Nairobi na mliokuwa hapa Gem kumlaki.

Mama Celine alisema hatazungumza leo. Lakini wasifu huu ulipofika mikononi mwake kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa, alisahihisha makosa matatu, akaongeza maneno haya chini, na akaagiza yasomwe jinsi yalivyo:

"Mimi Benta Awuor nakiri mbele ya watu wote mliofika, kwamba katika hadithi ya thelathini na mbili sikumjua mkosaji. Sikumtazama aliyekaa mlangoni, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kunificha kitu. Phares alinishinda, tena kwa haki. Baba Celine, nimesema. Sasa pumzika."