Pikipiki ya Mwakani

Basi lilikuwa limeshaondoka stendi nilipomsikia mkunga wa kiti cha mbele yangu akimlalamikia fundi pikipiki aliyekaa naye. "Kaka, pikipiki hii ya sasa, ya kwenda lami na milimani, nimeipanda pale dukani, miguu ikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wanasema toleo jipya kiti kimeshushwa. Litatoka mwakani."

"Na mwaka jana walisema lini, dada?"

"Mwakani." Mimi niliyekaa nyuma yao nimezunguka sana, na hiyo mwakani sijaikuta popote.

"Nunua hii, nitakuchongea sponji la kiti mpaka ukanyage chini."

"Nikianguka nayo kwenye mawe ya kule mlimani ninakozalisha, utakuja kuninyanyua wewe?"

"Sasa huko juu unafikaje?"

"Kwa miguu. Juzi nimefika mtoto ameshakufa. Mama yake akanipa pole ya safari."

Fundi akatazama dirishani. Basi liliposimama, mkunga alishuka na begi lake, akaanza kupanda mlima. Fundi naye alishuka, akaenda gereji kwake. Mwaka umeisha, nimepita tena njia ile: toleo jipya halijatoka, na mkunga bado anatembea.