Setilaiti Haimwoni Naseeb

Januari ile ya 2018, jua la Mayfair, Johannesburg, likichoma utosi, benchi la nje ya duka la Msomali lilikuwa kimya, na kimya si desturi yake. Mselem, aliyeitwa Setilaiti kwa kazi yake ya kufunga GPS kwenye magari, alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti kwenye simu aliyoitoa ndani ya soksi. Ndiko anakoiweka akitembea Jo'burg, na usimcheke, hajaibiwa hata mara moja. Mdogo wake Naseeb alikuwa Finland, amepata kibarua cha kuwatembeza watalii kwa pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu. Bosi alimpa GPS aifunge mwenyewe, na jana Mselem alimwelekeza kwa simu mwanzo mpaka mwisho. Jioni bosi anakuja kuijaribu. Ikigoma, kibarua anapewa mwingine. Na ilikuwa imegoma.

— Taa inawaka, kaka — Naseeb alisema simuni, meno yakigongana. — Lakini ramani kwenye simu inasema tu inatafuta setilaiti. Tangu asubuhi inatafuta!

— Umezima ukawasha? — Mselem alirekodi.

— Nimezima mpaka kidole kimeganda.

— Waya wa umeme?

— Umekaza.

Burhani, muuza mitumba aliyeitwa Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua, alishusha kikombe cha kahawa.

— Tumia akili, Setilaiti. Kule baridi kali. Setilaiti zenyewe si vyuma? Zimeganda huko juu!

— Hapana, Profesa — alidakia Évariste, mlinzi kutoka Bukavu. — GPS inasomaka barabara. Kule ni barafu tupu, hakuna barabara, hakuna robot ya kusimamisha magari. Itamwambia akate kona wapi? Imeduwaa, maskini.

— Basi meli zote zingepotea baharini.

— Meli si ziko na kapiteni?

— Mimi nawaambia — Burhani sasa alikuwa amesimama kabisa — setilaiti imeona pasi ya Tanzania. Wewe viza ulipewa palepale? Wanamchunguza kwanza!

Benchi likaangua kicheko. Mselem hakucheka. Mama yao kule Tanga alishatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anawaendesha Wazungu, na sasa roho ilikuwa juu juu.

Jocelyne, msusi wa Joubert Park, alikuwa ametoka dukani na mfuko wake. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama pale.

— Papa, ile kitu aliifungia wapi?

— Mahali pa uhakika! — Mselem alijibu, kifua mbele. — Kwenye gari huwa naficha nyuma ya plastiki ya dashibodi. Pikipiki ile haina nafasi hiyo, nikamwambia aizamishe chini ya kiti, kati ya vyuma, juu aweke bamba nene. Mwizi atakesha akiitafuta!

— Na kule kwenyi theluji, mwizi ni nani?

Burhani alichungulia ndani ya kikombe chake. Uso wa Mselem ulimwiva kwa aibu. Setilaiti ilikuwa ikimtafuta mdogo wake tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyemficha chini ya vyuma.

— Eish — alisema, kisha akarekodi polepole: — Naseeb, mdogo wangu, fungua bamba. Kitoe hicho kitu, kifunge juu ya usukani, kitazame mbingu. Ndiyo, hadharani, watu wakione.

Wakangoja. Kisha simu ikalia.

— Imeshika! Kaka, imeshika! Najiona kwenye ramani!

Benchi zima lilisimama kwa shangwe, Burhani akiapa kwamba alijua tu setilaiti zitayeyuka. Mselem alifuta macho kwa mkono wa shati.

— Umesikia, dada? — alimwambia Jocelyne. — Kitu cha thamani kinakaa nje, wazi kabisa. Wenzetu wana raha!

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama na kuirudisha simu ndani ya soksi.