Kimya ya Banza

Numbi, funga mulango, na dirisha pia, juu sitaki infirmière, nesi wa hapa hospitali, asikie naita Mungu na kutukana mu pumzi moja. Karibieni, batoto yangu, mutege masikio, maana sauti ya baba yenu, ile ilikuwaka inatikisa vioo kule Kamalondo, mu Lubumbashi, leo imebaki sawa moshi ya mushumaa, na docteur mwenyewe asubuhi alinitazama na macho ya muntu anayefunga duka.

Bon. Nyumba ya Lubumbashi iko ya Numbi, juu njo yeye alikuwa ananiosha mugongo. Bashangazi bakilalamika, mubaambie baje bashike kitambaa. Guitare iko ya Ghislain, hata kama vidole vyake vinajua téléphone tu. Lakini sauti yangu sijaigawa. Sauti haikatwi vipande sawa nyama ya mbuzi.

Wakati Lubumbashi yote ilikuwa inazunguka na rumba, miye Kalenga nilisikia soul ya Weusi wa Amerika mu radio ya jirani, nikajiuliza: huyu muntu analia nini, na sababu gani kilio chake kinafanana na cha maman yangu? Nikaiimba mu Kiswahili, wa kwanza, bakanicheka: "Kalenga, tumbo inakuuma?" Kiisha bale bale bakapanga mustari ku mulango ya salle ya dansi.

Munajua libanga: mukubwa anafungua mufuko, mwimbaji anatupa jina lake katikati ya wimbo, na bantu banapiga makofi sawa yeye njo anaumba mvua. Mukono usioweza kuukata, ubusu. Vile banamuziki wote balikuwa banasema. Basi mu septante-quatre, mwaka wa sabini na nne, Karimu, ule aliyeshika muji yetu mu ngumi, akatuma bantu yake: usiku wa leo Kalenga aimbe jina la patron. Nikafika pale pa jina, nikafunga kinywa. Nikageuka: Banza, batteur wangu, mupiga ngoma, alikuwa ameinua vijiti juu, hapigi. Salle yote ikanyamaza mpaka nikasikia kola za mashati zikitoa jasho. Kesho yake jeep ikasimama ku mulango ya Banza, ikamubeba, hakurudi. Maman yake alimupikia bukari, ugali yetu, kila magaribi, akafunika sahani, mpaka naye akakufa. Juu ya ile jeep njo munaitwa batoto ya Bruxelles. Mama yenu na miye tulishuka treni ku Gare du Midi na valise, na kanda ya ule wimbo, pamoja na kimya yake, ndani ya soksi.

Toka pale, kila mahali niliimba, pale pa libanga niliacha kimya. Bazungu bakaandika eti ni style. Style! Ile ni kaburi. Banza hana lingine.

Sasa Karimu amezeeka, anaogopa kukufa bila wimbo. Mulimuona Jumapili, na zabibu yake na canne yake ya kutembelea, akainama ku sikio yangu: "Grand frère, libanga moja tu, tumalize." Nikageukia ukuta. Akatoka na Ghislain mu couloir, inje ya mulango, nikasikia banacheka chini-chini.

Ghislain, nitazame. Najua diplôme zako zinalala mu tiroir ya meza, na kila barua unayotuma inarudi na "malheureusement" yake, kwa bahati mbaya, hakuna kazi. Kasirika, iko haki yako, hata miye ningevunja kintu. Lakini jana ulizani nalala. Nilisikia wimbo wangu mu téléphone yako, nikangojea kimya yangu, na pale pa kimya nikasikia sauti yangu, yangu kabisa, na ule mukwaruzo wa koo, ikiita: "Karimu, baba ya muji!" Sijasemaka lile neno, mutoto yangu. Kinywa changu ulikitoa wapi? Eti machine njo inaiga sauti. Eti patron atakupatia kazi. Kule kwetu mulozi, muchawi, anangojea kwanza bamuzike muntu, kiisha njo amufufue amulimishe shamba. Weye hukungojea hata nikufe.

Alors, agizo. Siku ya matanga, mu salle ya Etterbeek, hapa Bruxelles, mupige kanda ya zamani. Karimu atakuja. Musimufukuze, mumupe kiti ya mbele, bière baridi, mumuite papa. Kimya ikifika, muntu asikohoe, mutoto asilie. Mumutazame tu. Na mulango, mufunge.

Na ile kintu ya mu téléphone, Ghislain, futa. Hapa, mbele yangu. Ukikataa, usitupe udongo juu yangu, na siku utazaa, usimupe mutoto jina langu, juu nitakuja kulichukua.

Numbi, maji... Aa. Kidogo tu. Miguu yenu ifike kule munaenda. Mukono yenu isiombe kwa adui. Bale batazaliwa bakute nyumba na moto... Nabariki Numbi. Ghislain, namungojea afute, njo nimalize baraka yake.

Amefuta? Kumekuwa giza huku. Numbi, weye hudanganyaka. Amebonyeza?

Jibuni basi.

Hapana, batoto... hapana. Hiyo kimya si yenu. Iko ya Banza.