Kipimo cha Sisimizi

Benchi letu liko kati ya duka la vipuri na jiko la Mama Kahawa. Mguu wake mmoja ulikatika zamani, tukaweka tofali, na kila mtu anajua upande wa kutokaa. Hapo ndipo magonjwa yote ya mtaa hupata tiba, maana mwenye ujuzi hasogei kutubishia. Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa Pindo, fundi cherehani. Ana kisukari, na nesi alimwambia arudi kliniki leo kabla hawajafunga mchana, wamtazame mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, kwa sababu umeanza kufa ganzi. Bahati mbaya njia ya kliniki inapita mbele ya benchi. Pindo akakaa kidogo apumzike, akavua viatu, chupa ya maziwa mkononi.

— Nesi alisema nipunguze wanga, alianza Pindo. Nimeacha wali, nimeacha mkate. Nakula boga, karoti na bitiruti, nashushia maziwa. Kiu ikizidi, naongeza mtindi wa dukani, ule wa ladha ya matunda. Na kipimo kinapanda tu!

— Kipimo kibovu, akasema Antena.

Antena ni fundi redio, tena shemeji yake Pindo, kaka wa mkewe. Kitu chochote kisichomsikiliza yeye ni kibovu.

— Dada yako anasema hata maziwa yana wanga. Eti kikombe kimoja, basi.

— Dada yangu yule? Nimemlea mwenyewe, alikuwa anakimbia jongoo! Wanga ni kitu cha kutafuna, shemeji. Maziwa unatafuna?

— Na uji je, unatafunwa? aliuliza Mama Kahawa bila kuinua kichwa.

— Uji ulishatafunwa na mashine ya kusaga.

Wakili akakohoa. Tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kufagia mahakamani, akaondoka na maneno yao.

— Naomba kuchangia. Ng'ombe anakula majani. Majani hayana sukari. Kwa hiyo maziwa hayana sukari. Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Na nyuki anakula nini, nyama? akauliza Mama Kahawa.

— Nyuki hayumo kwenye kesi hii, mama.

— Na boga? aliuliza Pindo. Mke wangu ananikatia kipande kimoja kama mtoto wa chekechea, halafu nusu sahani ananijazia majani. Anasema boga nalo lihesabiwe.

— Anakunyima huyo! akasema Wakili. Haba na haba hujaza kibaba. Kula boga zima, kibaba kijae.

Pindo akatikisa kichwa kukubali. Mtu anayeogopa habagui methali.

— Ubishi wa nini, akasema Antena, na maabara tunayo?

Akaonyesha sisimizi waliokuwa wakitambaa kutoka ukutani. Akafungua kopo la chakula la Pindo, akapanga sakafuni kipande cha karoti na kipande cha boga. Akadondosha tone la maziwa. Mwisho akachota sukari kwenye mkebe wa Mama Kahawa.

— Sukari yangu si ya kuchezea!

— Ni ya sayansi, mama, tulia.

Tukainama wote, watu wazima wenye wajukuu, kutazama wadudu. Wakapita karoti, wakapita boga, wakalizunguka tone la maziwa, wakaenda moja kwa moja kwenye sukari. Antena akasimama kama aliyefunga bao.

— Mmeona? Sisimizi hajasoma, hana mshahara, hana sababu ya kudanganya. Kunywa maziwa yako, shemeji.

— Tena karoti inakua gizani, akaongeza Wakili. Sukari inataka jua. Ndiyo maana muwa ni mrefu, unalifuata.

— Na mlingoti wa simu una sukari kiasi gani? akauliza Mama Kahawa.

— Mama, usivuruge shauri. Maziwa ni meupe, yanasafisha damu. Sukari ikipita inaonekana.

— Sukari nayo ni nyeupe.

— Ndiyo maana lazima anywe mengi, yaishinde!

Pindo alitutazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo nisiende?

— Uende kufanya nini? akasema Antena. Asiyepimwa haugui.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akakazia Wakili.

— Mkuu mwenyewe ni nani hapa? akauliza Mama Kahawa.

Antena akawanyooshea kidole sisimizi. Pindo akamaliza chupa, akaegemea ukuta, akafumba macho kama mfungwa aliyepata msamaha.

Hapo akatokea mwanamke mmoja na kitambaa mkononi.

— Hamjambo? Namtafuta fundi. Gauni la binti yangu vipi?

— Keshokutwa, akasema Pindo, macho bado kafumba. Wateja wote huwaambia hivyo.

Yule mama hakubisha. Alikuwa anatazama chini.

— Samahani, fundi. Hao sisimizi hawakuumi?

Tukatazama. Sukari ilikuwa imebaki na wachache. Msafara wenyewe ulikuwa umepanda mguu wa kulia wa Pindo, ukaingia kando ya kidole kidogo, penye kidonda kibichi, upana wa kifungo cha shati. Walikuwa wamejaa pale, wengine ndani kabisa.

Pindo akafumbua macho.

— Sisimizi gani?

Antena aliangalia maabara yake, akaifuta kwa soli ya kiatu.

Mama Kahawa alileta maji, akamwagia mguu, wadudu wakaelea. Kisha akafunika birika, ingawa tulisikia likichemka, limejaa.

— Kahawa imekwisha, alisema. Antena, mshike shemeji yako begani. Kliniki haijafunga.

Antena akamshika. Mkono wa pili ulibeba viatu.

Walipofika kwenye kona tuliona Pindo amesimama. Akaukanyaga chini ule mguu wa kulia, akakanyaga tena kwa nguvu, kama anayeendesha cherehani, kichwa kainamisha, akingoja uchungu.