Kesi ya Sajenti na Jogoo wa Sadaka

Benchi la kahawa la Risper, nyuma ya soko la Migori, lina miguu mitatu na jiwe moja, lakini limeshahukumu watu kuliko mahakama. Jaji mkali wa hapo ni Cephas, aitwaye Kitanzi, kwa sababu habari yoyote ya mwizi yeye huimaliza kwa neno moja: "Anyongwe!" Leo ameketi kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki mbuta. Mbwa wake, Sajenti, amefungwa kwenye mguu wa benchi. Jumapili, wakati wa matoleo, Sajenti alipita katikati ya kanisa kama shemasi, akanyakua jogoo wa sadaka mbele ya altare, akatoka naye hata kabla ya mnada wa matoleo. Jumuiya ya kanisa ikawaachia watu wa kijiwe waamue: afe au aishi.

— Sheria ni yako mwenyewe, Kitanzi, — akaanza Nyangau, Msabato aliyekuja kuwaamulia Wakatoliki bila kualikwa. — Mwizi ni kamba. Na wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tumnyonge polepole.

— Omera, mimi nilikuwa nasema watu! — Cephas akalia. — Vatikani, waambie Kanisa linasemaje!

Osoro, aliyebatizwa Vatikani kijiweni kwa kuwa aliwahi kutumikia altare, akatua kikombe.

— Zamani katekisimu iliacha kamlango kadogo: kama hakuna njia nyingine ya kulinda watu. Siku hizi kamefungwa. Adhabu ya kifo haikubaliki, maana hata muuaji hapotezi utu wake.

— Mmesikia? Utu!

— Utu wa mbwa? — akauliza Nyangau.

— Sajenti ni mtu wa nyumbani!

— Ajabu, — Risper akasema huku akimimina. — Vatikani alisema hayo hayo juu ya kijana wa Bochaberi alipohukumiwa. Ukamjibu ati mapadre wamelainika kama uji wa mgonjwa.

Cephas akajifanya anapuliza kahawa.

— Basi afungwe maisha, — Nyangau akalegea.

— Maisha yake au yetu? — akauliza Risper. — Mbwa haishi sana.

— Wacheni, — Osoro akainua kidole. — Kenya haijanyonga mtu tangu themanini na saba. Hukumu zinasomwa, kamba inaota ukungu. Tumhukumu kifo, halafu asubiri.

— Na nani atamlinda? — akauliza Nyangau.

— Si yeye mwenyewe ndiye mlinzi! — Cephas akadakia.

— Atubu kwanza! Ijumaa asile nyama.

— Atakula omena. Samaki mkunje angali mbichi!

Walikuwa bado wanacheka Bochaberi alipotokea na kikapu chake. Jogoo alikuwa wake; alimtoa kumwombea mwanawe Oliver, aliyehukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu.

Osoro akasimama.

— Mama Oliver, uliyekosewa ni wewe. Sema neno tu.

Bochaberi akainama, akamtazama Sajenti, mbavu zake na ile kamba.

— Tangu mumfunge, amekula nini?

Cephas alijua kila kifungu cha kumtetea mbwa wake, ila hilo hakulijua.

— Mimi nikifika gerezani, — mama akasema bila ukali, — neno la kwanza kwa Oliver ni hilo: umekula? Mambo ya sheria huja baadaye.

Cephas akachukua mandazi mkononi mwa Nyangau, akampa Sajenti. Mbwa akameza bila kutafuna, akalamba vidole vya bwana wake kimoja kimoja. Nyangau hakudai.

— Mama Oliver, — Cephas akasema, sauti ikiwa chini, — siku ukienda tena, niulizie... kama amekula.

— Muulize mwenyewe. Naenda Ijumaa, na gari lina viti.

Kitanzi akafungua mdomo. Lile neno lake moja halikutoka. Akaanza kufungua fundo la kamba, na Risper akalitikisa birika: tupu.